Barua ya wazi kwa wakuu wetu: shingo ya majeruhi isiishie kwenye picha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Zanzibar. Kwa makamanda wa polisi wa mikoa miwili ya Pemba na maafisa wao wa usalama barabarani. Kwa wanaotoa leseni za gari za abiria. Na kwa wakuu wa mashirika ya bima yanayofanya kazi Visiwani.

Assalaam aleikum.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo niliyestaafu, naishi Wete. Kazi ya serikali nimeiacha lakini watu hawajaniacha, na kibarazani kwangu hawaishi kuja wenye migongo, magoti na mabega. Walionifanya nishike kalamu leo ni wa aina moja: waliopata ajali ya gari, wakapona kila jeraha linaloonekana kwa macho, wakabaki na shingo. Hunijia mwezi wa tatu, wa nne, wengine mwaka umeshapita. Naamini wengi wao wangekuwa wazima zamani lau mtu angekaa nao nusu saa katika wiki ile ya mwanzo.

Niseme ombi langu mapema, ili asiyekuwa na nafasi ya kusoma yote alipate. Naomba kila aliyepata ajali ya barabarani, akafika spitali au kituo cha afya analalamikia shingo, asirudi nyumbani mpaka awe ameshakaa na mtu aliyefundishwa, akafahamishwa kilichompata, la kufanya na la kuacha, na akapewa siku ya kurudi kuangaliwa. Sikuombeni mashine wala jengo.

Ilivyo sasa, mambo huenda hivi. Ajali imetokea, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, imechukuliwa, mtu kafika spitali kapigwa picha ya eksirei. Picha imerudi safi. Anaambiwa mfupa uko salama, huna kitu. Anavishwa kola ya kuishikilia shingo, anaandikiwa panadoli au diklofenaki, anaambiwa apumzike. Apumzike mpaka lini, haambiwi. Kola aivue lini, haambiwi. Asubuhi ya pili anaamka shingo imekaza, hawezi kugeuka, kichwa kinamgonga kuanzia kisogoni, mabega mazito, akisimama anaona kizunguzungu. Jana aliambiwa hana kitu. Neno la kwanza linalomjia ni kwamba daktari hakuona, kuna kitu kimekatika ndani. Hofu inaanzia hapo, na hofu hiyo, wakubwa zangu, ni sehemu ya maradhi yenyewe.

Siwalaumu madaktari wa zamu. Nimefanya kazi nao, nawajua wanavyoelemewa. Picha inaonesha mfupa, na kwa mfupa wanasema kweli. Lakini shingo ni zaidi ya mfupa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, kimebebwa na pingili saba, vifundo vidogo vya nyuma ya pingili hizo, kano na misuli. Gari ikigongwa kwa nyuma, kiti kinausukuma mgongo mbele wakati kichwa bado kiko palepale, kisha kichwa nacho kinafuata kwa nguvu. Yote hayo humalizika kwa muda usiofika nusu sekunde, misuli haijawahi kujikaza. Vinavyoumia ni vifundo, kano na misuli, na hivyo picha ya kawaida haivioni. Maumivu nayo mara nyingi huchelewa saa kadhaa, pengine siku moja au mbili. Ndiyo maana mtu huondoka penye ajali kwa miguu yake, anasema alhamdulillahi nimesalimika, akalala vizuri, akaamka mgonjwa.

Kwetu kuna jambo jengine ambalo vitabu vya wenzetu havilizungumzii sana. Katika gari zetu za mbao abiria hukaa kwa ubavu, mabenchi yameelekeana, hakuna mkanda na hakuna kitu nyuma ya kichwa. Dereva akifunga breki ya ghafla au akigonga, vichwa vya abiria vinakwenda ubavuni, na bega la mmoja linaingia kichwani kwa mwenzake. Anayekaa mwisho, karibu na kabini, ndiye anayebeba uzito wa benchi zima. Nimewaona watu wa namna hiyo: upande mmoja wa shingo umekaza, upande wa pili hauna neno. Ukiuliza alikaa wapi kwenye gari, unapata jibu kabla hujamgusa.

Mwaka 1995 jopo la wataalamu huko Quebec, Kanada, liliyapanga majeraha haya kwa madaraja. Daraja la kwanza ni maumivu na kukaza tu. La pili ni hayo pamoja na shingo isiyogeuka vizuri au inayouma ikibonyezwa. La tatu mishipa ya fahamu imeguswa: ganzi, mkono kukosa nguvu. La nne pingili imevunjika au imehama mahali pake. Wengi mno wako katika mawili ya mwanzo, na hao ndio ninaowaombea. Wa daraja la tatu na la nne nao lazima watambuliwe mapema, kwa sababu wanahitaji daktari wa upasuaji, na kutoka Pemba maana yake ni bahari ya kuvuka kwenda spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.

Kuwatenganisha si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Tangu mwaka 2001 iko kanuni ya Kanada inayotumika katika nchi nyingi. Kwa majeruhi mwenye fahamu zake timamu, daktari anauliza: ana miaka 65 au zaidi? Kaumia kwa kishindo kikubwa, kama vile gari kupinduka au yeye kurushwa nje? Ana ganzi au kuwashwawashwa mikononi au miguuni? Likipatikana moja, apigwe picha. Yasipopatikana, na ikawa ana dalili ya usalama, mfano alishaweza kutembea baada ya ajali, anaambiwa ageuze shingo nyuzi 45 kulia na kushoto. Akiweza, hana haja ya picha. Kanuni hii inafanya kazi hata umeme ukikatika. Ibandikwe ukutani katika kila chumba cha dharura, kuanzia Mkoani mpaka Micheweni.

Na kipimo cha kugeuza shingo sisi tunacho kila siku. Ni ile salamu ya mwisho wa sala. Mwislamu kwa faradhi peke yake anainama, anainuka, anageuza uso kulia na kushoto mara tano kwa siku, na hakuna mgonjwa wangu wa shingo ambaye hakuniambia, mapema katika mazungumzo, kwamba hawezi kutoa salamu. Basi nilikuwa nikimwambia, baada ya daktari kuhakikisha hakuna kilichovunjika: geuka mpaka pale unapofika bila ya kulazimisha, na ukumbuke umefika wapi. Mzee mmoja wa hapa Wete alinihadithia kwamba mwanzo akigeuka alikuwa akiona goti la jirani yake tu. Baadaye akaliona bega. Siku aliyomwona uso alikuja mwenyewe kunambia, kwa furaha, kabla sijamuuliza. Hakuhitaji chombo chochote kujua kwamba anapona.

Sasa nizungumzie kola, maana hapa ndipo panaponiuma. Kwa aliyevunjika pingili, kola ngumu ni lazima na haivuliwi bila ya daktari. Kwa huyu wa daraja la kwanza na la pili, kola laini inayovaliwa wiki baada ya wiki inamrudisha nyuma. Aliyewahi kufungwa plasta ya mguu anajua mguu unavyotoka umenywea na kukaza. Shingo nayo ni vivyo hivyo. Tangu miaka ya 1980 tafiti zimekuwa zikionesha kwamba wanaoanza kuitembeza shingo mapema, taratibu, hupata nafuu bora kuliko wanaofungwa kola na kuambiwa wapumzike. Nimewavua kola watu waliokuwa wakilala nazo. Mama mmoja alikuwa akiiogopa shingo yake kiasi kwamba akiitwa, anageuza mwili mzima. Hakuna aliyemwambia avue, na yeye akadhani siku akivua kichwa kitaanguka.

Kwa nini nasisitiza wiki za mwanzo? Katika nchi ambazo wagonjwa hawa wamefuatiliwa kwa muda mrefu, karibu nusu yao bado walikuwa na maumivu ya shingo baada ya mwaka. Nafuu kubwa hupatikana ndani ya miezi miwili mitatu ya mwanzo, kisha mwendo unapungua. Anayechelewa zaidi ni yule aliyeanza na maumivu makali, anayeshtuka usiku na kuiona ajali upya, na anayeamini moyoni kwamba hatapona. Hilo la kwanza dawa inasaidia. Mawili yaliyobaki yanahitaji mtu wa kuzungumza naye, na mapema.

Mtaniambia wataalamu wa viungo ni wachache, hasa huku Pemba. Ni kweli, na nitakuombeni muwaongeze. Lakini someni hili. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya watu 172 ambao shingo zao zilikuwa zinauma kwa muda mrefu baada ya ajali. Kundi moja lilipewa mazoezi ya kitaalamu, vikao 20. Kundi jengine lilipewa kijitabu, kikao kimoja cha nusu saa na mtaalamu, na nafasi ya kupiga simu likikwama. Matokeo hayakutofautiana. Kwa nchi tajiri hiyo ilikuwa habari ya kusikitisha kidogo. Kwetu sisi ni bishara njema, maana kijitabu, nusu saa na simu ni vitu tunavyoweza.

Ndani ya nusu saa hiyo mgonjwa aambiwe kwamba shingo imeteguka na kuchanika kidogo ndani kama kifundo cha mguu kinavyoteguka, itauma, na kuuma huko hakumaanishi inazidi kuharibika. Atembee. Ageuze shingo polepole kulia na kushoto, mara kadhaa kwa siku, mpaka pale inapoanza kukataa. Avute kidevu ndani huku kichwa kimesimama wima, akihesabu mpaka tano, aachie. Akusanye mabega nyuma. Dawa anywe kwa muda mfupi, apate kusogea. Arudi kazini kwa hatua. Na aambiwe kwa ukali kabisa dalili za kurudi spitali usiku huohuo: ganzi inayoenea, mkono au mguu kuishiwa nguvu, kwenda kwa kuyumba, kushindwa kuzuia haja, maumivu makali yasiyotulia kwa lolote.

"Arudi kazini kwa hatua" ni maneno mepesi kuyaandika, na hapa naomba wanaotunga miongozo waje wakae na wanawake wa pwani. Ukimwambia mkulima wa mwani apumzike, amefahamu kwamba humjui. Magunia ya mwani mbichi yanangoja maji yakupwe. Ndoo ya maji inapanda kichwani kwa sababu mfereji uko mbali. Mwenye kushona kofia anainama juu ya kitambaa kutwa nzima, na mchumaji wa karafuu anatazama juu mtini tangu asubuhi, shingo imekunjwa nyuma. Ushauri wenye maana kwa watu hawa ni wa kazi yao: kwa wiki sita usibebe kwa kichwa, igawe ndoo mbili ndogo za mkononi, kofia ipandishe juu ya mto mapajani, na kila ukimaliza safu inua uso, karafuu mwaka huu chambua, kuchuma waachie vijana. Mwambie mumewe pia, mbele yake, la sivyo hayo yote yataishia mlangoni.

Kuhusu wachuaji. Watu wetu watakwenda kuchuliwa, iwe tumeridhia au hatukuridhia, na mimi siwakatazi wote. Mkono wa mchuaji mzuri na mafuta ya vuguvugu, yawe ya nazi au ya makonyo ya karafuu yaliyochanganywa, yanalegeza misuli na yanamtuliza mtu. Ninachokiogopa ni kule kukikamata kichwa na kuipinda shingo mpaka ialike. Kwa shingo ya siku tatu baada ya ajali, ambayo huenda ina ufa usioonekana, huko ni kucheza na uti wa mgongo. Wizara ina Baraza la Tiba Asili. Liwaite wachuaji wa kila wilaya, wapewe heshima yao, wafundishwe kuuliza juu ya ganzi na ajali, na waombwe jambo moja: shingo ya ajali ichuliwe mabega tu, isipindwe, na mwenye ganzi apelekwe spitali kwanza.

Kwenu mashirika ya bima na polisi. PF3 inajazwa siku ya ajali, na nimekwishaeleza kwamba shingo huanza kusema siku ya pili. Nimeona fomu imeandikwa hakuna jeraha, na mwenye fomu mbele yangu hawezi kuvaa shati. Akidai kwa bima ya mtu wa tatu anaonekana mwongo. Wekeni nafasi ya uchunguzi wa pili baada ya wiki moja, uingizwe katika fomu ileile bila ya kumzungusha mtu. Na madai yamalizwe haraka. Jimbo la Saskatchewan, Kanada, lilibadilisha sheria mwaka 1995: majeruhi akawa analipiwa matibabu na kipato bila ya kusubiri ijulikane nani mkosa, na fidia ya maumivu na mateso ikaondolewa. Utafiti uliotoka mwaka 2000 ulionesha madai yakifungwa kwa muda usiofika nusu ya ule wa zamani, na waliofungiwa mapema ndio waliopata nafuu mapema. Sisemi tuige sheria hiyo. Nasema kumvuta mtu mwaka mzima athibitishe kwamba anaumwa kunamfanya aendelee kuumwa, na gharama yake inarudi kwenu.

Makamanda, askari wenu ndio mara nyingi wa kwanza kufika, pamoja na vijana wa shamba wenye nia njema. Majeruhi anavutwa kwa mikono, anatupwa nyuma ya pikapu, kichwa kinaning'inia. Kama gari haiwaki moto wala haiko majini, mtu aachwe alivyo, mmoja akae nyuma yake ashike kichwa kwa mikono miwili kisisogee, mpaka apatikane ubao au mlango wa kumlaza. Madereva na utingo wafundishwe hili kabla ya kupewa leseni. Ni somo la asubuhi moja.

Nyinyi mnaotoa leseni za gari, nina dogo kwenu. Gari ndogo kutoka Japani zinakuja na mto wa kichwa juu ya kila kiti cha mbele. Marekani ililazimisha mito hiyo tangu mwaka 1969. Kwetu inang'olewa, au imeshushwa chini kabisa ikafika mabegani, ambapo haizuii kitu. Mto ukae juu, usawa wa masikio au zaidi, na karibu na kisogo. Mkaguzi anaweza kuutazama bila ya kushuka baiskeli. Kwa gari za mbao, mtakapokuwa mnazibadilisha, anzeni na zile za masafa marefu, Chake Chake kwenda Mkoani na Chake Chake kwenda Konde, zenye mwendo.

Mheshimiwa Waziri, njia ya kumfuata mgonjwa nyumbani mnayo tayari. Wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya wanaingia majumbani kwa ajili ya wajawazito na watoto, na simu mkononi. Waongezeeni maswali machache kwa nyumba yenye majeruhi: kola bado ipo? Unageuka mpaka wapi? Una ganzi? Unalala? Jibu baya likipatikana, apigiwe simu mtaalamu wa viungo wa wilaya. Na kila wilaya ya Pemba iwe na mmoja wa kudumu, asiyehamishwa kila mwaka.

Karatasi ya ukurasa mmoja ya kumpa mgonjwa nimeshaiandika, kwa Kiswahili chetu, na nimemsomea jirani yangu asiyejua kusoma mpaka akaweza kuyarudia yote. Michoro yake amenichorea mwalimu wa skuli ya hapa. Sitaki malipo. Nipo tayari pia kukaa na wauguzi wa Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni kwa siku watakazopanga wao, niwafundishe nusu saa hiyo inavyokwenda. Ninachokihitaji ni kuambiwa niipeleke afisi gani, nani ataipitia, na lini.

Wabillahi taufiq.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, mstaafu
Wete, Pemba